Mahali Wimbo Unaporuka

Nchelenge, 3 Juni 2024

Guylain, mtoto wa kaka yangu,

Pokea salamu za shangazi yako Emilienne, aliyekulea na kukuchapa, na kati ya hayo mawili hakuna analojutia. Sisi wazima. Chisense, dagaa wetu wa huku, ni wengi mwezi huu, kila uwanja umejaa samaki wanaoanikwa, na paka wa mtaa wamenenepa mpaka hawageuki wakiitwa. Roger, anayekuletea barua hii pamoja na magunia yake ya samaki, amefunga ndoa na mke wake yuleyule waliyeachana mwaka jana. Tulialikwa tena, tukala tena.

Utauliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi wakati simu ipo. Simu ipo, lakini mimi na simu tumenuniana. Mwezi uliopita nilirekodi sauti ya kumtumia rafiki yangu, nikasema mama mkwe wa Jessica anacheka kama bata anayekimbizwa. Kumbe nimeituma kwenye kundi la harusi, na mama mkwe mwenyewe yumo. Akajibu kwa kicheko. Guylain, ni bata kabisa! Tangu siku ile mambo ya harusi hii nayaandika kwa mkono, na wewe unijibu kwa mkono.

Basi nisikilize. Dada yako Jessica anaolewa Jumamosi tarehe 23 Novemba, kabla serikali haijafunga uvuvi ziwani na wavuvi hawajakaa bila kazi. Bwana harusi ni Mapalo, yule kijana mwembamba anayepima watoto kilo kwenye kituo cha afya cha Kafutuma. Ndugu zake wanatoka Mansa na watakuja basi zima. Mimi ndiye shangazi, kwa hiyo mimi ndiye nitakayeongoza mstari wa kumwingiza bibi harusi, kama nilivyowaingiza mabibi harusi wa ufuko huu wote mpaka kisiwani Chisenga. Na wimbo unaujua. Ni ule wa "Fungua Mlango, Mama Mkwe" wa Orkestra Nyavu Tatu, kwenye kaseti ya marehemu baba yako, ile aliyoiandika kwa kalamu yake mwenyewe: HARUSI, USIGUSE.

Kaseti inakufa. Sauti imeanza kuzama, mwimbaji anaimba kama mtu aliyejaza ugali mdomoni. Idah, yule msichana mwenye spika kubwa ya bluetooth, ameshaanza kunizunguka. Anasema: "Mama, hii kaseti inazeeka sana. Tutie mwimbo ya simu, batu bacheze ya sasa." Akiushika mstari huu, mimi nimestaafishwa mbele ya watu wa Mansa. Hilo ningelivumilia, tena nadanganya, nisingelivumilia. Lakini kubwa ni Jessica. Anasema asipoingia na wimbo wa baba, ataona kama ameingia peke yake. Alivyosema vile nilikwenda jikoni nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Wewe una studio huko Lubumbashi. Utafute wimbo huo, uutie kwenye faili au chochote mnachotia siku hizi, unitumie kwa mkono wa Roger. Na uniambie unakuja lini, maana wewe ndiye kaka wa bibi harusi.

Shangazi yako,
Emilienne

Lubumbashi, 28 Juni 2024

Tantine yangu mpendwa,

Barua yako imefika inanuka samaki, jirani akadhani nimeletewa kitoweo. Niko mzima. Mvua hakuna, vumbi la kutosha. Mama Fidélie, anayeuza maandazi karibu na kazini kwangu, anakusalimu ingawa hakujui. Nilimsomea habari ya bata, akamwaga mafuta.

Bon, tuje kwenye wimbo. Nimeupata! Mzee mmoja hapa ana santuri ya Nyavu Tatu aliyoitunza ndani ya foronya. Tumeuhamisha wimbo, nikausafisha kwenye kompyuta mpaka unamsikia mpiga gitaa akivuta pumzi. Ni safi na kamili, haukwaruzi popote. Nimeutia kwenye flashi nyekundu, iko ndani ya soksi, usiifue. Tantine, faili haizeeki! Unaweza kuipiga mpaka majirani wahame, na bado itaimba kama siku ya kwanza. Hailiwi na redio. Haihitaji kalamu ya kuzungushia utepe. Kaseti ya papa uitundike ukutani sasa, ipumzike.

Studio inaendelea vizuri. Kazi ni nyingi, wateja wanasimama mpaka nje. Kuhusu safari, tutaona. Mwambie Jessica asilie tena, kaka yake ameshamaliza tatizo.

Mtoto wako,
Guylain

Nchelenge, 2 Agosti 2024

Kwa Guylain, mmaliza matatizo,

Salamu. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha. Bei ya mafuta ya boti imepanda. Luse, msimamizi wa bibi harusi, ana nundu kwenye paji la uso, na Thandiwe, anayemfuata kwenye mstari, amekataa kukaa kwenye kiti kigumu. Yote mawili ni kazi yako.

Nikukumbushe jambo ambalo wewe na kompyuta yako mmelisahau. Wakati wewe bado unatambaa, kwenye harusi moja kule Kafutuma, redio ilikula utepe wa kaseti ile katikati ya wimbo. Ba Fanwell, fundi redio wa sokoni, akakata kipande kilichotafunwa, akaunga ncha mbili kwa rangi ya kucha ya bibi harusi mwenyewe, akairudisha. Tangu siku hiyo wimbo ukifika "tumefika mlangoni" unaruka. Ubeti mzima haupo. Sisi tuliokuwa tunacheza tukaruka nao, tungefanya nini? Miguu miwili pamoja, kwap, mbele. Harusi iliyofuata tukaruka tena. Sasa ufuko mzima unaruka, na watoto waliozaliwa huku wanadhani bibi zetu walikuwa wanaruka. Mchungaji amewahi kuhubiri kwamba mruko ule ni bibi harusi kuacha maisha ya zamani. Ba Fanwell alikuwa benchi la mbele anatazama viatu vyake.

Haya. Jumamosi tulikusanyika uani kufanya mazoezi, tukaiweka flashi yako kwenye spika ya Idah. Sauti nzuri, sikatai, hata kuku walitoka kutazama. Tukafika "tumefika mlangoni". Mstari wote ukaruka, na wimbo haukuruka! Uliendelea kutembea polepole na ubeti ambao hakuna aliyewahi kuusikia, na sisi tuko hewani. Luse akamwangukia Thandiwe. Thandiwe akakaa ndani ya beseni la munkoyo tuliloandaa kunywa baadaye. Mimi nikajikuta nimemkumbatia Ba Fanwell, ambaye alikuwa amepita tu kutazama waya. Idah akapiga kelele: "Mama we! Batu bote banaanguka! Muzime!" Ubeti wenyewe unasema nini, hakuna anayejua, tulikuwa tunatafuta viatu. Ba Fanwell alicheka mpaka akakaa chini, na machozi akayafutia kwenye kitenge changu kama vile ni chake.

Jessica naye alicheka. Halafu akaingia ndani, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Anasema huo si wimbo wa baba, huo ni wimbo wa watu wengine wenye sauti kama ile.

Kwa hiyo uukate ubeti huo, uutie mruko. Na ulisahau kuniambia unakuja lini.

Shangazi yako,
Emilienne

Lubumbashi, 25 Agosti 2024

Tantine,

Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya Mama Fidélie, na maandazi ya asubuhi ile yote yaliungua. Anasema ukiandika tena nimsomee baada ya kazi. Poleni wote, na Thandiwe nampa pole ya pekee.

Nimefanya kazi kweli juma hili. Kumbe mruko wa Ba Fanwell si kukata tu. Nikifumba macho naukumbuka. Kwanza kuna kasauti kadogo kama mtu anameza mate, halafu ngoma inaingia kabla ya zamu yake, halafu mwimbaji anaanza katikati ya neno. Kompyuta inaunga vizuri mno, Tantine. Inaunga mpaka huoni palipokatwa, na mguu haujui uruke saa ngapi. Nimekutengenezea miruko mitatu tofauti, iko kwenye flashi ya bluu. Lakini ungeniletea kaseti yenyewe ningeinakili na kasoro yake yote. Mpe Roger. Ataitunza.

Na ubeti ule mpya, mimi nimeusikiliza. Sitauandika hapa. Niambie tu, Tantine, wewe una kilo ngapi siku hizi? Basi, usinijibu.

Guylain

Nchelenge, 20 Septemba 2024

Guylain,

Mimi ni mzima na kilo zangu zote. Swali lile ungelimuuliza shangazi wa mtu mwingine ungekula kofi. Ubeti huo nimeuruka maisha yangu yote ya harusi, sitauanza uzeeni. Sitaki kuusikia.

Habari za huku: upepo wa ziwa umechukua bati la choo cha mzee Patson, naye alikuwa ndani. Bata wetu, yaani mama mkwe, alikuja kututembelea. Ni mama mzuri, Guylain, alileta karanga. Tulicheka pamoja mpaka mbwa wakabweka.

Kuhusu kaseti, haivuki ziwa. Roger anatunza samaki, hatunzi vitu vidogo, na boti zinaingiza maji. Maandishi ya baba yako yakilowa nitamwambia nini Jessica? Miruko yako mitatu tumeijaribu. Wa kwanza unawahi, wa pili unachelewa, wa tatu unaruka vizuri lakini unaruka kama askari. Idah anakenua tu.

Ba Fanwell anasema kaseti haijafa. Utepe umechoka kidogo, ila ugonjwa wenyewe ni lile ganda na vile visponji vya ndani. Ameuhamishia kwenye ganda la kaseti nyingine na karatasi ya baba yako ameibandika upya kwa mikono yake mwenyewe. Sasa mwimbaji ametema ule ugali. Kiungo cha zamani kimelegea, kwa hiyo anapita jioni kukitazama. Anakunywa chai. Jana alikitazama muda mrefu sana. Nimenunua rangi ya kucha, nyekundu, ya kaseti. Usianze kufikiria mambo.

Tukiipiga kwenye redio ndogo inasikika vizuri, lakini uwanja wa harusi ni mkubwa na spika ni za Idah. Inatakiwa mtu anayeweza kuunganisha redio ya kizamani na spika za kisasa, na asimame hapo asitoke. Mtu huyo ni wewe.

Sasa nitakuambia kitu, usikasirike. Najua studio yako ni meza chini ya mwavuli, karibu na stendi ya malori, na unawatilia madereva nyimbo kwenye simu. Nilijua tangu mwaka juzi. Roger hula maandazi hapo kwa Mama Fidélie kila safari, anasema mwavuli ni mzuri, una rangi ya machungwa. Ulidhani tutakucheka? Baba yako aliuza kaseti kwenye ndoo! Alipita nazo kambi za wavuvi akiimba mwenyewe, kwa sababu betri zilikuwa ghali. Sitaki studio. Wala sitaki faili ya Guylain kwenye soksi. Nataka wewe, na miguu yako, na hilo tumbo ninaloambiwa umeota.

Shangazi yako,
Emilienne

Lubumbashi, 18 Oktoba 2024

Tantine,

Salamu zenu nimezipata. Huku mvua ya kwanza imenyesha.

Mwavuli ni mkubwa, ujue. Wanaingia watu wanne.

Nilitembea na barua yako mfukoni siku nyingi. Sikujua habari ya ndoo. Papa hakuwahi kuniambia. Nimemwambia Mama Fidélie, akaniuliza kama ndoo ilikuwa na kifuniko.

Ninakutumia waya wenye ncha mbili tofauti, ndani ya kopo la maziwa. Ba Fanwell asiuguse kabla... Asiuguse tu. Na kwa kuwa mimi ndiye mwanaume wa ukoo aliyebaki, nina haki ya kuuliza: huyo Ba Fanwell anaweka vijiko vingapi vya sukari kwenye chai, na nani anamkorogea?

Kuhusu kuja, jibu langu ni hili. Mwambie Jessica aniwekee kichwa cha samaki, kile kikubwa.

Guylain

Lubumbashi, 9 Desemba 2024

Tantine,

Nimerudi salama, nina mikoba miwili ya samaki na mafua. Kichwa cha samaki kilikuwa kitamu kuliko nilivyokumbuka. Jessica aliponiona nashuka kwenye boti alinikimbilia na rola za nywele kichwani, na sasa hivi nikiandika hapa chini ya mwavuli wangu bado najisikia vizuri mpaka masikioni. Mwambie hivyo.

Lakini Tantine, nina shida. Nimeikosa harusi niliyoihudhuria! Unajua nilikuwa wapi. Ule waya uligoma kukaa kwenye spika, ikabidi niushike kwa mkono wakati wote, na tundu lenyewe liko chini nyuma ya friji ya soda. Kwa hiyo nilipiga magoti nimetazama ukuta. Nikasikia mnakuja. Nikasikia "tumefika mlangoni". Nikasikia mmeruka. Halafu kaseti ikasema krrk, na kimya. Roho yangu ilitoka, Tantine. Nilikuwa na faili tayari kwenye simu, nikachomeka ncha ya pili ya waya kwenye simu na kubonyeza, vyote kwa mkono uliobaki. Nilitaka ianzie baada ya ule ubeti, naapa, lakini nilikuwa nimetoka kula kichwa cha samaki na kidole kilikuwa na mafuta. Kikateleza. Ubeti ukaanza. Nikajua nimekwisha, na nisingeweza kuachia waya.

Baada ya hapo nilisikia kelele ambazo sijawahi kusikia katika harusi ya Wakristo. Nikasikia bata. Halafu zikaondoka! Uwanja ukawa mtupu, mimi na friji tu, na wimbo unarudia na kurudia, kwa sababu kidole kilikuwa kimebonyeza pia alama ya kurudia wimbo. Mliporudi jua limeshuka, mnacheka hamuwezi kusema. Asubuhi boti ikanichukua. Roger nimemuuliza, anaanza, anafika "Mapalo akainama", anajishika tumbo. Mama Fidélie hanipi maandazi mpaka nimweleze mwisho.

Niambie wewe. Kulitokea nini?

Guylain

Nchelenge, 6 Januari 2025

Guylain, mtoto wa kaka yangu,

Heri ya mwaka mpya, na mafua yako yawe yamekwisha. Ziwa limefungwa, wavuvi wamekaa majumbani wanagombana na wake zao, samaki hakuna, tunakula maharage. Jessica yuko Kafutuma, anakusalimu. Mapalo bado anatembea kama mtu aliyelalia mlango, lakini anatembea.

Sasa kaa vizuri. Mama Fidélie naye azime jiko.

Tuliingia kutoka upande wa barabara, mimi mbele, Jessica nyuma yangu. Kaseti ilipoanza, ile sauti yake na mikwaruzo yake yote, Jessica alinishika mkono akasema: "Tantine, minasikia kama vile papa iko hapa." Mimi sikulia, nilikuwa nimepaka wanja. Tukacheza, Guylain! Watu wa Mansa walisimama juu ya viti. Tukafika "tumefika mlangoni", tukaruka wote, mstari mzima kwa mpigo mmoja, na tulipokuwa juu kiungo cha Ba Fanwell kikaachia. Tukatua kimyakimya. Puu! Ilisikika miguu yetu tu. Watu wa Mansa wakadhani ndivyo tulivyopanga, wakapiga makofi kwa nguvu. Idah mwenyewe alipiga. Amekuja kwangu juzi kuomba nimfundishe.

Halafu ndipo wewe na kidole chako cha samaki. Spika zikafunguka, na nikausikia ule ubeti kwa mara ya kwanza, mimi na ufuko mzima:

"Mwenye kumuleta asikanyage vumbi,
bwana arusi, inama, umupe mugongo,
mubebe mupaka mulango ya mama."

Nikajiambia labda hawajasikia. Walisikia! Mjomba wa Mapalo, mzee wa Mansa mwenye kofia, akavua kofia akasema: "Mwimbo inasema, basi ndiyo mila yao. Waliruka, tuliona. Sasa na sisi tufanye yetu. Mapalo, inama!" Hapo bata akaanza. Mchungaji aliyehubiri mruko akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hilo nalo alikuwa analijua. Ningesema nini? Ningewaambia wageni kwamba mila yetu ni redio iliyotafuna utepe?

Mapalo akainama. Guylain, yule kijana maisha yake yote anainua vichanga, anaviweka kwenye mizani, anaandika. Nilipanda. Alisimama, nitamsifu daima, alisimama kabisa, akapiga hatua, akasema "Yesu", tukashuka chini wote wawili taratibu kama hema lililong'olewa vigingi. Jessica alicheka mpaka shela ikamwingia mdomoni. Nimeishi kumwona anacheka vile siku ile.

Ndipo Ba Fanwell akatoka kule nyuma kwenye jenereta. Akajipangusa mikono kwenye suruali yake mpya. Akasema: "Muache tafadhali, mukwai. Mimi nimebeba betri ya lori miaka yote. Huyu mama nitamubeba." Nikasema, "Ba Fanwell, muache mambo yenu," huku nimeshainua mguu.

Akanibeba. Ni kweli ana mgongo, yule mtu, unaweza kuanika chisense juu yake. Tukafika mlango wa nyumba aliyofikia mama mkwe, kila mtu akashangilia, na yeye akapita. Nikamwambia: "Ba Fanwell, tumepita mulango!" Akasema: "Najua. Lakini mwimbo haijaisha." Na haikuisha, kwa sababu ya kidole chako! Kaseti ingefika mwisho ikasema klak, angenishusha, kila mtu angekwenda kula. Faili ikaanza upya. Tukatoka barabarani. Mstari wote ukatufuata, na watu wa Mansa, na bata, na sokoni wauza samaki wakaacha meza zao. Spika tulizisikia mpaka mbali. Kila wimbo ulipofika "tumefika mlangoni", Ba Fanwell aliruka, na mimi mgongoni, na umati wote nyuma unaruka, ingawa faili haina mruko. Nilipoteza kiatu. Alikuja kunishusha bandarini, kwa sababu mbele kulikuwa na maji.

Alikuwa anahema. Akanitazama, akaniita Emilienne, bila mama wala nini. Akasema: "Kaseti nitaiunga tena. Lakini sasa ninaomba kuiungia kwa nyumba yako, na nisirudi kwangu jioni." Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Shangazi yako hana haya, nimesimama na kiatu kimoja mbele ya wauza samaki wote nasema ndiyo. Nina furaha, Guylain. Sijui kuiandika zaidi ya hivyo. Vijiko ni vitatu, na mimi ndiye ninayekoroga.

Kaseti ameshaiunga, kwa ile rangi nyekundu. Iliyobaki amenipaka kwenye kucha, mikono yote miwili, anapaka kama anaunga waya. Wimbo bado unaruka mahali pale pale.

Harusi ni Jumamosi baada ya Pasaka. Lete na flashi, maana mzee wa Mansa ameandika kwamba mila ni mruko wa kaseti kwanza, halafu ubeti wa faili, na wao watakuja tena basi zima kuhakikisha tunaifuata. Sasa fikiri. Bibi harusi safari hii ni mimi. Mtu wa kuniingiza lazima awe wa ukoo wa baba yangu. Shangazi zangu wote wamekufa, kaka zangu wamekufa, Jessica ni mke wa watu. Umebaki wewe. Idah atashika waya, wewe utaongoza mstari, na uanze kujifunza kuruka leo hii hapo chini ya mwavuli.

Na ubeti unaujua unavyosema. Mwenye kumleta bibi harusi hakanyagi vumbi, bwana harusi anainama. Ba Fanwell anakuomba, kwa heshima zote, upunguze maandazi.

Shangazi yako,
Emilienne